Mseto, DP, atesuneti au kwinini: dawa ipi ya malaria kwa mgonjwa yupi, kwenye zahanati za mwambao wa Ziwa Victoria

Ukifungua kabati la dawa za malaria kwenye zahanati au kituo cha afya cha serikali, iwe Magu, Misungwi, Sengerema au Nansio kule Ukerewe, utakuta dawa mseto ya ALu ya saizi nne, vichupa vya atesuneti ya sindano, pengine vidonge vya atesuneti vya kuweka njia ya haja kubwa, na SP, dawa ya kukinga wajawazito wanaokuja kliniki. Vituo vingine vina DP, mchanganyiko mwingine wa dawa za malaria. Vingine bado vina kwinini. Wagonjwa huuliza ipi kali, na watoa dawa wapya huuliza hivyo hivyo kwa sauti ya chini. Swali hilo halisaidii. Kila dawa hapo ina mgonjwa wake, na kinachomtambulisha mgonjwa huyo ni mambo machache yanayoonekana kwa macho: kipimo kimesema nini, uzito ni kilo ngapi, anaweza kumeza na kubaki nayo tumboni, na kama ni mwanamke, ana mimba ya muda gani. Mengine yote yanafuata hapo.

mRDT au darubini?

Homa mpya kwa mtu ambaye hajatumia dawa ya malaria hivi karibuni: mRDT, yaani kipimo cha haraka cha malaria, inatosha. Inataka damu mikrolita 5 tu, haihitaji umeme, na jibu linapatikana mgonjwa akiwa bado kwenye benchi. Makosa yake yanajulikana na yanajirudia. Damu ikizidi, kioo chote kinabaki chekundu na mstari hauonekani. Matone ya maji ya kipimo hutofautiana kutoka kiwanda kimoja hadi kingine, na muda wa kusoma pia, dakika 15 kwa vingine na 20 kwa vingine, kwa hiyo boksi jipya likifunguliwa karatasi yake isomwe upya hata kama umepima miaka kumi. Kusoma mapema kunakupa hasi ya uongo. Kukiacha kipimo mezani ukakisoma baada ya saa nzima kunaweza kukupa mstari usio na maana. Na maji ya boksi moja hayatumiki na kipimo cha boksi jingine.

Udhaifu mkubwa wa mRDT uko kwingine. Kipimo hiki kinatafuta protini ya kimelea iitwayo HRP2, na protini hiyo hubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Mtu aliyemaliza ALu wiki mbili zilizopita, akapata mafua, akapimwa mRDT, anaweza kutoka chanya bila kuwa na malaria. Huyo anahitaji darubini, ambayo inaonyesha vimelea vyenyewe na idadi yake. Zahanati isiyo na darubini imwelekeze kwenye kituo kilicho nayo badala ya kumwongezea mseto wa pili. Kwa mgonjwa mahututi, anza na mRDT kwa sababu ya haraka, chukua na damu ya darubini kama ipo, lakini atesuneti isisubiri majibu ya maabara.

Kipimo kikiwa hasi, dawa ya malaria haitolewi. Hapa ndipo mtoa huduma anapobanwa zaidi, maana mgonjwa ametembea, amepanga foleni, na mwili unachemka. Lakini homa kandokando ya Ziwa ina sababu nyingi: homa ya mapafu, maambukizi ya njia ya mkojo, masikio ya mtoto, kichocho katika wiki za mwanzo kwa mtu aliyeingia majini karibuni. Ukimpa mseto mwenye homa ya mapafu, umemtuma nyumbani na ugonjwa wake na siku tatu za kujiamini. Hesabu pumzi za mtoto, pima mkojo, na mwambie arudi ndani ya siku mbili homa isipoachia, apimwe tena.

ALu na DP, bega kwa bega

Tanzania iliacha klorokwini kama dawa ya kwanza mwaka 2001 na kuhamia SP, kisha mwaka 2006 ikahamia ALu, mchanganyiko wa atemetha na lumefantrini. Ndiyo watu wanayoiita mseto. DP ni mchanganyiko mwingine, dihaidroatemisinini na piperakwini. Zote mbili zinatibu malaria isiyo kali vizuri zikitumiwa sawasawa, ila zinatofautiana katika mambo yanayomgusa mgonjwa moja kwa moja:

| | ALu | DP |
|---|---|---|
| Kidonge cha kawaida | mg 20 na mg 120 | mg 40 na mg 320 |
| Namna ya kumeza | mara 2 kwa siku, siku 3 (dozi 6) | mara 1 kwa siku, siku 3 (dozi 3) |
| Chakula | pamoja na chakula chenye mafuta au maziwa | maji tu, mbali na mlo wenye mafuta |
| Mtu wa kilo 50 | vidonge 4 kila dozi, jumla 24 | vidonge 3 kila dozi, jumla 9 |
| Kinga baada ya dozi | fupi zaidi | wiki kadhaa |
| Tahadhari kubwa | rifampisini, efavirenzi | dawa zinazogusa mapigo ya moyo |
| Nafasi yake kituoni | ya kwanza | ya akiba |

Mstari wa chakula ndio unaopuuzwa kuliko yote. Lumefantrini haiingii vizuri mwilini bila mafuta. Mgonjwa anayemeza mseto kwa maji matupu kwa sababu hana hamu ya kula anaweza kumaliza vidonge vyote 24 na bado dawa isifike kwenye damu kwa kiwango cha kuua vimelea vyote. Haihitaji karamu. Kikombe cha maziwa, uji uliotiwa karanga, chapati, kipande cha samaki wa kukaanga au parachichi vinatosha. Mtoto anayenyonya, ziwa la mama linatosha. Kwa DP ni kinyume kabisa: mafuta huipandisha piperakwini kwa kasi na kuongeza hatari kwenye mapigo ya moyo, kwa hiyo imezwe kwa maji, masaa matatu mbali na mlo. Mtoa dawa aliyezoea kusema "kunywa baada ya kula" akirudia maneno hayo kwa DP amekosea, na hakuna mtu dirishani wa kumsahihisha.

Wavuvi wa dagaa wanaifanya tofauti hii iwe kubwa zaidi. Wanaingia ziwani jioni na taa zao, wanarudi mwaloni, mitumbwi inapotia nanga, asubuhi, wanalala mchana. Dozi sita za ALu zinagongana na ratiba hiyo, dozi tatu za DP hazigongani. Kishawishi cha kumpa kila mvuvi DP ni kikubwa, na tunakielewa. Hata hivyo tunashauri ALu ibaki ya kwanza hata kwake. Mgonjwa ambaye malaria yake imerudi ndani ya siku 28 baada ya mseto anaihitaji DP kweli, na kabati lina makopo machache. Mvuvi anaweza kupangiwa: dozi ya jioni aimeze mwaloni na chakula chake kabla mtumbwi haujasukumwa, ya asubuhi akirudi, na vidonge avifunge kwenye mfuko wa nailoni visilowe.

Kurudi kwa malaria kunahitaji kuulizwa kwanza. Alimeza zote? Alitapika? Alikula nini? Alizipata wapi? Kisha darubini. Ikithibitika ndani ya siku 28, DP. Baada ya siku 28 hesabu kuwa ni maambukizi mapya na urudi kwenye ALu. Mwenye kifua kikuu anayetumia rifampisini ni mtu wa kumtazama kwa karibu, kwa sababu rifampisini huteremsha sana kiwango cha lumefantrini. Vivyo hivyo kwa wachache waliobaki kwenye efavirenzi, dawa ya VVU. Dolutegravia, nayo ya VVU, haina shida hiyo. Mpangie siku ya kurudi na uiandike. Kabla ya DP, uliza kama anatumia erithromaisini, flukonazoli au dawa za moyo na za akili.

Lipo jambo jingine linaloongeza uzito wa haya yote kwa watu wa Kanda ya Ziwa. Mkoani Kagera, upande wa pili wa maji, watafiti wamethibitisha vimelea vyenye mabadiliko ya kijeni yaitwayo R561H, vinavyochelewa kuondoka kwenye damu mgonjwa anapotumia dawa za kundi la atemisinini. Taarifa yake ilichapishwa mwaka 2024, na Rwanda walishayaona hayo hayo mwaka 2020. Mseto bado unaponya, kwa sababu lumefantrini inamalizia kazi ambayo atemetha inaianza taratibu. Maana yake ni kwamba sasa dozi za mwisho, zile ambazo mgonjwa aliyepata nafuu huziacha kwenye paketi, ndizo zinazobeba tiba.

Dirishani: paketi ya 6, 12, 18 au 24

Uzito ndio unaochagua paketi, siyo umri na siyo macho. Kilo 5 hadi chini ya 15: kidonge 1 kila dozi, paketi ya 6. Kilo 15 hadi chini ya 25: vidonge 2, paketi ya 12. Kilo 25 hadi chini ya 35: vidonge 3, paketi ya 18. Kilo 35 na kuendelea: vidonge 4, paketi ya 24. Rangi za paketi hubadilika kufuatana na kiwanda, hivyo aliyekariri rangi ipo siku atakosea, hesabu vidonge. Mtoto wa miaka mitatu anaweza kuwa na kilo 11 au kilo 16, na hao ni watu wa paketi mbili tofauti. Mzani ukae kwenye chumba cha daktari na kilo ziandikwe kwenye daftari la mgonjwa juu ya jina la dawa. Daftari likija dirishani bila kilo, lirudishwe.

Paketi ya 12 ikiisha, paketi mbili za 6 zinatosha, dawa ni ile ile. Paketi ya 24 inaweza kutokana na mbili za 12, au nne za 6, au ya 18 na ya 6. Hatari iko kwenye picha. Paketi ya 6 ina picha ya mtoto na kidonge kimoja kila dozi, na mtu mzima anayeondoka na paketi nne za namna hiyo akifuata picha atameza robo ya dozi yake. Kabla hazijavuka dirisha, piga mstari kwenye picha na uandike juu yake kwa kalamu nzito: VINNE VINNE. Kuchana paketi kubwa kupata dozi ya mtoto inaruhusiwa pale tu hakuna njia nyingine, na vidonge vibaki ndani ya karatasi yake ya bati, visimwagwe kwenye bahasha ya kaki vikaanza kunyonya unyevu.

Saa ndizo zinazopotea njiani. ALu ya pili inamezwa masaa nane baada ya ya kwanza, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili. Ukimwambia mtu "baada ya masaa nane", wengine husikia "saa nane". Aliyeanza saa nne asubuhi ataimeza saa nane mchana, masaa manne tu baada ya ya kwanza, au atangoja saa nane usiku akiwa amelala. Usitaje masaa. Taja saa, tena iandike. Mazungumzo mazuri ya dirishani ni mafupi, mtoto akiwa mgongoni na kikombe cha maji kikiwa mezani:

"Mama, mtoto ana kilo ngapi?"

"Daktari ameandika kumi na nne."

"Basi ni kimoja kimoja. Hiki cha kwanza anakinywa hapa hapa, sasa ni saa nne asubuhi. Cha pili utampa saa ngapi?"

"Jioni."

"Saa kumi na mbili jioni, nakuandikia hapa juu. Kesho?"

"Asubuhi na jioni. Na keshokutwa asubuhi na jioni."

"Akichangamka kesho?"

"Naendelea mpaka viishe."

"Na utampa na nini?"

"Uji wa maziwa."

Hapo mama amesema mwenyewe kila kitu. Mtoa dawa akiongea peke yake na mama akaitikia "sawa" mara tano, hakuna anayejua kilichoingia. Kwa mzee anayesikia Kisukuma au Kikerewe zaidi ya Kiswahili, mtafute mtu wa lugha yake kwenye benchi, na yeye pia arudie.

Dozi ya kwanza inamezwa kituoni kwa sababu mbili. Unaona imemezwa kweli, na unaona kama imetapikwa. Mwache mgonjwa akae nusu saa kivulini. Akitapika ndani ya saa moja, rudia dozi nzima, na hapa kuna kosa dogo linalomwumiza mgonjwa baadaye: dozi ya kurudia ikitoka kwenye paketi yake, siku ya tatu jioni atakuwa hana kidonge. Itoe kwenye paketi nyingine na uijaze kwenye leja. Akitapika na ile ya pili, huyo si mgonjwa wa vidonge tena. Hesabu yake inahamia kwenye sindano.

Vidonge vinavyoyeyuka vya watoto viwekwe kwenye maji kidogo, kijiko kimoja au viwili, visubiriwe viyeyuke, kisha kikombe kisuuzwe na maji mengine kidogo nayo yanywewe, maana dawa hukaa chini. Kama vinavyoyeyuka havipo, kidonge cha kawaida kinaweza kusagwa kati ya vijiko viwili. Parasetamoli ya homa ni mg 15 kwa kilo. Usimwache mama aondoke akiamini kuwa hiyo ndiyo dawa ya malaria na mseto ni nyongeza. Hilo hutokea, kwa sababu parasetamoli inashusha joto mbele ya macho yake na mseto kazi yake haionekani.

Atesuneti ya sindano, kwinini, na ile ya njia ya haja kubwa

Sindano ni ya malaria kali au ya asiyeweza kabisa kubaki na kidonge tumboni. Dalili za malaria kali: degedege, kupoteza fahamu au kuchanganyikiwa, kushindwa kukaa au kunyonya, kutapika kila kitu, kupumua kwa shida, macho ya njano, mkojo mweusi kama chai nzito ya rangi, viganja vyeupe kwa kuishiwa damu. Mtu anayetembea, anaongea na anakula, mwenye mRDT chanya, apewe mseto. Imani kuwa sindano inatibu haraka imejengeka sana, na kuna watu wazima wanaoidai dirishani kama haki. Sindano tatu za atesuneti bila mseto nyuma yake hazijamtibu. Vimelea vilivyobaki vitarudi, tena vikiwa vimeshaionja dawa.

Kati ya atesuneti na kwinini, atesuneti inashinda na si kwa kidogo. Utafiti wa AQUAMAT uliochapishwa mwaka 2010, uliohusisha watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika, Tanzania ikiwemo, ulionyesha vifo vya asilimia 8.5 kwa waliopewa atesuneti dhidi ya 10.9 kwa waliopewa kwinini. Weka takwimu kando, angalia kazi yenyewe wodini: kwinini inataka dozi ya kuanzia ya mg 20 kwa kilo, kisha mg 10 kwa kilo kila masaa 8, kwa dripu ya masaa 4 kila mara, na kamwe haisukumwi moja kwa moja kwenye mshipa. Inashusha sukari, hasa kwa mjamzito na mtoto, hivyo sukari ipimwe mara kwa mara. Atesuneti inachomwa kwa dakika chache. Zahanati yenye muuguzi mmoja zamu ya usiku haiwezi kuisimamia kwinini ipasavyo. Kwinini ya sindano ibaki kwa siku ambayo atesuneti haipo kabisa.

Namna ya kuichanganya atesuneti, kwa kichupa cha mg 60: vuta ml 1 ya bikaboneti inayokuja kwenye boksi lake, iingize kwenye unga, tikisa mpaka iwe safi kama maji. Ikibaki na ukungu, itupwe. Kisha ongeza maji ya dripu ya chumvi au dekstrosi asilimia 5. Kwa mshipa, ongeza ml 5, utapata mg 10 kwa kila ml. Kwa msuli, ongeza ml 2, utapata mg 20 kwa kila ml. Maji ya kawaida ya sindano hayatumiki. Mkorogo utumike ndani ya saa moja.

Dozi: chini ya kilo 20 ni mg 3 kwa kilo, kilo 20 na zaidi ni mg 2.4 kwa kilo. Mtoto wa kilo 12 anahitaji mg 36, yaani ml 3.6 kwa mshipa au ml 1.8 kwa msuli wa paja mbele. Mtu mzima wa kilo 60 anahitaji mg 144, yaani vichupa vitatu. Kwa msuli ni ml 7.2, zigawanywe mapaja mawili. Kosa linaloonekana sana ni kuchanganya hesabu hizi mbili, kuongeza ml 5 za mshipa halafu kuchoma ujazo wa msuli, na mtoto anapata nusu ya dozi. La pili ni kuhifadhi kilichobaki kwa ajili ya dozi ya baada ya masaa 12. Kinachobaki kinamwagwa, hata kama roho inauma.

Ratiba ni saa ya kuanza, baada ya masaa 12, baada ya masaa 24, kisha mara moja kwa siku. Hata mtoto akiamka na kuomba uji baada ya sindano ya kwanza, anakamilisha za masaa 24, ndipo anapewa mseto kamili, dozi zote 6. Wiki moja hadi nne baada ya hapo, baadhi ya waliotibiwa kwa atesuneti huishiwa damu ghafla. Mpangie kurudi kupima HB, yaani wingi wa damu, na mwambie mama arudi kabla ya siku hiyo akiona mkojo mweusi au viganja vyeupe.

Zahanati isiyolaza inatoa dozi ya kwanza ya msuli na kumpa rufaa. Atesuneti ya njia ya haja kubwa inakuja hapa tu, kwa mtoto chini ya miaka 6, pale sindano haiwezekani. Kidonge kimoja cha mg 100 kwa wa miezi 6 hadi chini ya miaka 3, viwili kwa wa miaka 3 hadi chini ya 6. Shikilia makalio kwa dakika 10. Kikitoka ndani ya nusu saa, weka kingine. Hii si tiba, ni kumsogeza. Kwa mtoto wa kisiwani anayesubiri mtumbwi hadi asubuhi ili avushwe, inaweza kumfikisha akiwa hai, lakini asipofika hospitali hajatibiwa. Kutoka Sengerema kwenda hospitali ya Bugando, Mwanza, safari imekuwa nyepesi tangu daraja la Kigongo na Busisi lifunguliwe mwaka 2025; kutoka Ukara au visiwa vidogo bado ni maji kwanza. Karatasi ya rufaa iandikwe jina la dawa, mg, njia na saa ya kuchoma, ili huko aendako asipewe dozi mbili kwa pamoja wala asirukwe.

Mjamzito

SP na ALu zinachanganywa na wengi. SP ni ya kukinga: vidonge 3 kwa mkupuo, mbele ya mhudumu, kuanzia wiki ya 13, mara tatu au zaidi, zikipishana mwezi mmoja. Haimtibu mwenye malaria. Anayetumia septrini kwa sababu ya VVU hapewi SP. Foliki asidi ya mg 5 huivunja nguvu SP, ya mg 0.4 haina neno, kwa hiyo tazama kilichoandikwa kwenye kopo.

Mjamzito mwenye mRDT chanya kuanzia mwezi wa nne anapewa ALu kama wengine. Kwa miezi mitatu ya kwanza ilizoeleka kumpa kwinini ya vidonge, viwili mara tatu kwa siku kwa siku 7, vidonge 42, na masikio yanayopiga kelele. Wengi waliacha siku ya tatu. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani liliikubali ALu kwa miezi hiyo pia. Zingatia mwongozo wa taifa uliopo kituoni kwako. Malaria kali ni atesuneti, mimba iwe ya muda wowote.

Leja

Mwisho wa mwezi weka vitabu viwili mezani, rejesta ya mRDT na leja ya dawa. Waliotoka chanya wakiwa 40 na wagonjwa waliopewa mseto wakawa 65, kuna 25 waliopewa bila kipimo, au kuna kitu hakikuandikwa. Hesabu kwa wagonjwa, siyo kwa paketi, maana siku za kuunganisha paketi mtu mmoja anakula nne. Dawa inayokaribia kuisha muda ikae mbele ya rafu. Joto la stoo lisipite nyuzi 30, na chini ya bati la mchana wa Mwanza bila dari linapita kirahisi. Boksi likae mbali na ukuta unaopigwa na jua, lisiguse sakafu. Paketi za 6 zikianza kupungua wakati za 24 zimejaa, usisubiri ziishe ndipo uagize Bohari ya Dawa. Pigia simu zahanati ya jirani mbadilishane, na mbadilishano huo uandikwe kwenye leja zote mbili siku hiyo hiyo.